Mhudumu na Uzi wa Magunia

Mimi nimesoma kwa jasho langu. Nalisema hilo mwanzo ili lisitusumbue mbele. Nilitoka Iguguno na begi moja la nguo, nikabeba zege Dar es Salaam, nikalala kwenye stoo za watu, nikajilipia masomo ya jioni mpaka nikapata stashahada ya ufundi mitambo. Stashahada hiyo iko ofisini kwangu Mandewa, mjini Singida, ndani ya kioo, juu ya meza, na kila anayeleta alizeti kukamua huiona kabla hajaniona mimi. Mashine mbili za kukamulia nilizifunga mwenyewe, nati kwa nati. Mtaani wananiita Injinia, na sijawahi kumkatalia mtu.

Mtu ninayemwandika hapa hakukitazama kioo kile hata siku moja. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu, mmoja wa wale wanaopita nyumba kwa nyumba na begi mgongoni wakiulizia kliniki za watoto, vyoo na vyandarua. Kazi hiyo aliifanya kama alivyotumwa. Halafu akaongeza ya kwake, ambayo mwanzo hakutumwa na mtu: viuno vyetu.

"Andika," aliniambia nilipomwomba ruhusa. "Ila jina langu liache. Nimewapima watu wengi humu. Likiandikwa langu, kesho utaulizwa yao."

Basi ataitwa Mhudumu, kama tulivyomwita wote, Waislamu wenzake na sisi wa kanisani, wazee na watoto. Alizaliwa wapi na ni binti wa nani sijui vizuri, na sikuwahi kuona kama linahitajika. Nilimkuta tayari ni mama mtu mzima, mwili mkubwa, sauti nyembamba isiyolingana na mwili, miguuni raba za kiume zilizofungwa kamba za rangi mbili.

Sababu ya kuandika ninayo. Mwaka niliorudi nyumbani nilimwambia dada yangu neno moja mbele za watu. Neno lile lilikaribia kumfungia biashara yake, na lilikaribia kuivunja kazi yote ya Mhudumu. Yeye ndiye aliyelitengua, na alilitengua kwa mwili wake. Nitalifikia, lakini kwanza mumjue.

Alikuja kiwandani siku chache tu baada ya mimi kuwasha mashine kwa mara ya kwanza. Nilikuwa mlangoni, nimeegemea fremu, najisikia vizuri.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiye mimi."

"Naomba uzi wa kushonea magunia. Hata vile vipande mnavyotupa."

Nikamuuliza ana magunia mangapi ya kushona.

"Mengi," akasema. "Ila ya kwangu yanatembea."

Wapakiaji wakacheka kabla yangu, kwa sababu wao walikuwa wanamjua. Akamwita mmoja wao, mtu mnene kwelikweli, akamwambia avue viatu na asimame wima. Akashika ncha ya uzi kisiginoni kwake, akaupandisha mpaka utosini, akaukata kwa meno. Kisha akaukunja katikati, akauzungusha tumboni kwa yule bwana usawa wa kitovu. Ncha mbili hazikukutana. Akapima pengo kwa vidole vyake.

"Vitano," akamwambia. "Huu ni urefu wako mwenyewe, sijaleta kipimo cha mtu mwingine. Nusu ya urefu wako inatakiwa ikuzunguke. Ikishindwa, presha na sukari zinaulizia nyumba yako."

Mimi mitambo naijua, na kipimo kizuri nakitambua nikikiona. Hiki hakikuwa na betri, hakikuhitaji mtu ajue kusoma, na hakuna aliyeweza kubishana nacho maana kilikuwa ni yeye mwenyewe. Nikampa bunda zima la uzi. Akalipima uzito mkononi, akalitia kwenye begi.

"Na mwenye uzi?" akauliza. "Tumpime?"

"Mama, kitambi hiki nimekitafuta Dar miaka kumi na minne," nikamjibu. "Wacha watu wakione. Wajue sikwenda kucheza."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kichwani, akasema asante kwa uzi, akaenda zake. Siku ya pili niliona alama ya chaki kwenye fremu ya mlango, juu kidogo ya bega la mpakiaji wangu mrefu. Nilidhani ni ya fundi rangi. Sikuifuta.

Nyuzi alizopimia watu alizitundika nyumbani kwake. Ukuta mzima wa sebule ulikuwa na misumari, na kila msumari una uzi wake, na kila uzi umefungwa kipande cha nguo ya mwenyewe: pindo la khanga, kitambaa cha shati, ukosi wa sare ya kwaya. Majina hakuandika. Ukiingia sebuleni kwake ungeweza kukaa chini ya kiuno cha mwenyekiti wa mtaa na usijue. Kila kidole kilichopungua alifunga fundo moja. Mtu akifariki, uzi wake hakuutupa wala hakuufungua mafundo. Aliuhamishia chumbani kwake. Niliuona msumari wa chumbani mara moja tu, mlango ulipokuwa wazi, na ulikuwa umebeba nyuzi nyingi kuliko nilivyotarajia. Nadhani ndizo zilizomzuia kuacha.

Kuhusu kutembea, hapo ndipo nilipoona kuwa mtu anaweza kuwa na akili bila cheti. Zahanati ilikuwa imewaambia akina mama wenye presha watembee kila asubuhi. Wakashindwa. Siyo kwa uvivu, bali kwa sababu kwetu mwanamke mtu mzima hatembei tu. Akitembea bila mzigo ataulizwa anakwenda wapi, na akijibu kwamba anatembea, ataulizwa na mumewe. Wa kwanza waliojaribu walirudi nyumbani siku ya tatu, wamechoka kujieleza.

Mhudumu akawaambia kila mmoja aje na ndoo.

Basi asubuhi, upepo wa Singida ukiwa bado na ubaridi wake, ungewaona akina mama ishirini na kitu wanapita kwa haraka na ndoo tupu, wanaelekea ziwani na kurudi. Hakuna aliyewauliza kitu, maana ndoo ilikuwa imeshajibu. Mwanzo mimi nilifikiri mabomba ya mtaa yamekatika, nikataka kwenda kuwafokea watu wa maji. Mzee mmoja jirani yangu aliwaangalia wiki mbili, kisha akamwita Mhudumu.

"Hawa wanachota wapi? Kila siku wanarudi na ndoo tupu."

"Foleni ndefu, mzee wangu," akamjibu. "Kesho tutawahi zaidi."

Na kesho wakawahi zaidi. Baadaye wanaume nao walitaka kutembea, akawapa majembe. Niliwaona wakuu wa familia, watu wazito, wakipita na majembe mabegani katikati ya kiangazi ambapo hakuna mtu anayelima.

Mimi na yeye tuligombana mara moja kuhusu mafuta, na ugomvi huo nausimulia kwa sababu nilishinda nusu. Hapa kwetu alizeti ni mali ya nyumbani. Mtu hapimi kitu alicholima mwenyewe. Mboga inaelea, na mgeni asipoona mafuta yakielea atasema amekaribishwa kwa ubahili. Tena tunaamini kwa dhati kwamba mafuta yanayonenepesha ni yale ya dukani. Haya ya kwetu, uliyoyaona yakitoka kwenye mashine, hayawezi kukudhuru. Mimi mwenyewe nilikuwa naliamini hilo na kulisema kwa wateja.

Mhudumu alipita nyumba zote na msumari na jiko la mkaa, akitoboa vifuniko vya chupa. Mafuta yahamishwe kutoka kwenye dumu yaingie kwenye chupa, na chupa idondoshe, isimwage. Kijiko kimoja kwa kila mdomo, ndivyo alivyosema, na wageni ni midomo pia.

Nikamfuata nyumbani kwake nimekasirika. Nikamwambia anaiua biashara ya mtoto wa nyumbani aliyejitahidi.

"Sijawaambia wasinunue kwako," akasema. "Nimewaambia dumu lifike mwisho wa mwezi na wao wafike mwisho wa mwaka. Mteja aliyekufa hanunui mafuta, Injinia. Au diploma yako inasemaje?"

Nikageuka kuikosoa kazi yake. Nikamwonyesha kwamba msumari wa moto unaacha tundu bovu, la pembe, linalovuja pembeni. Nikachukua vifuniko vyote, nikavitoboa kwa drili kiwandani, tundu dogo, la duara safi, vyote sawasawa. Mpaka leo vifuniko vilivyo jikoni Mandewa ni kazi ya mkono wangu. Yeye aliwaambia watu kwamba Injinia ndiye aliyegundua. Hakugombania sifa na mtu. Aliziacha chini na mwenye kuzihitaji aliziokota.

Nisimfanye malaika. Yeye mwenyewe alikuwa mnene, na watu walimwambia. Ngozi ya kuku wa kienyeji aliipenda kwa moyo wote. Kwenye msiba au harusi ungemwona anaihamisha taratibu kutoka sahani za wenzake, akisema anawaokoa. Chai yake ilikuwa na sukari ya kutosha watu wawili. Hakuwahi kusahau kosa la mtu, hata dogo, na alilirudia miaka mitano baadaye kwa sauti ile ile nyembamba. Alikuwa mkali kwa wembamba wanaojisifu kuliko kwa wanene. Na alikuwa na amri moja ambayo mwanzo niliiona ya kitoto: katika kikundi chake ilikuwa marufuku kuusalimia mwili wa mtu.

Hili linahitaji maelezo kwa asiye wa kwetu. Sisi tukikutana baada ya muda, tunasalimiana kwa uzito. Umenenepa ni pongezi. Umenawiri, umependeza, naona mji umekupokea. Na ukisema umekonda, huo ni msiba umeuleta mlangoni, kwa kuwa wote tuliowazika katika miaka ile mibaya walianza kwa kukonda. Mwanamke akikonda, ama mumewe hamlishi, ama kuna ugonjwa ambao hautajwi. Hakuna sababu ya tatu. Mhudumu alikuwa anajaribu kuingiza sababu ya tatu, na alijua kwamba salamu moja inaweza kuifuta. Aliyevunja amri yake, hata kwa kusifu, alifagia uwanja wa nyumba yake. Niliwahi kumkuta mke wa mchungaji anafagia.

"Salimia mtu," alikuwa akisema. "Mwili wake mwachie mwenyewe na uzi."

Mimi nilikuwa nimeivunja amri ile kabla sijajua kama ipo.

Dada yangu, Mama Zawadi, ana banda la chai na maandazi karibu na kituo cha bodaboda. Ndiye aliyenilea baada ya mama, na nilipokuwa nabeba zege Dar yeye alikuwa akinitumia unga kwa mabasi. Niliporudi moja kwa moja, sikuwa nimemwona kwa miaka mitatu. Nilimwacha mnene, mwenye mikono ya kujaa, akipanda ngazi za kanisa kwa kushikwa. Katika miaka hiyo mitatu alikuwa ameingia kikundi cha Mhudumu, ametembea na ndoo, ameacha kula maandazi yaliyobaki, na uzi wake ulikuwa na mafundo saba. Presha yake ilikuwa imetulia. Mimi hayo sikuyajua.

Nilisimamisha gari mbele ya banda asubuhi, wateja wamejaa kwenye mabenchi. Nilikuwa nimevaa suti. Nilitaka waone. Nikashuka, nikamtazama dada, na moyo wangu ulishtuka kweli, sikuigiza. Nikasema kwa sauti yangu yote:

"Dada, mbona umekwisha hivi? Unaumwa nini?"

Akacheka, akasema mbona yuko mzima. Lakini benchi zima lilikuwa limegeuka kumtazama. Mwendesha bodaboda mmoja aliweka kikombe chini kikiwa na chai nusu. Mtu wa jirani akisema neno kama lile, watu wanaweza kulipuuza. Ndugu wa damu, mwenye suti, mtu wa Dar, akisema, hiyo ni hukumu.

Kufikia mwisho wa wiki ile maandazi ya dada yalikuwa yanalala. Watu walipita wakasalimia kwa mbali, wakaenda kunywa chai banda la pili. Kwenye kikundi, akina mama wanane waliacha ndoo zao nyumbani. Waume zao waliwaambia hivi: mmeona Mama Zawadi alivyokwisha, hata ndugu yake amesema. Mmoja wao aliniambia baadaye kwamba alirudi kula usiku kabla ya kulala, kwa makusudi, ili shavu lirudi na watu wasimhesabu kuwa mgonjwa.

Dada hakunilaumu. Alinipikia jioni ile na kunisikiliza nikimsimulia Dar. Aliyenifuata ni Mhudumu. Ilikuwa wiki moja baada ya kumpa ule uzi, alipopata kujua kwamba mwenye mashine ndiye yule ndugu mwenye suti. Alinikuta ofisini, akakaa bila kukaribishwa, akanieleza niliyoyafanya, hatua kwa hatua, kama mtu anayemsomea mwenzake maelekezo ya dawa.

"Sasa nifanye nini?" nikamuuliza.

"Wewe subiri. Mimi nitakula."

Sikumwelewa. Kesho yake alfajiri alikaa kwenye benchi la dada, benchi la mbele ambalo barabara yote inaliona. Akaagiza maandazi matatu na chai. Yeye, aliyekuwa amepita nyumba zote akisema maandazi ni ya sikukuu. Tena akasema hataki kikombe cha wateja, anataka kile anachonywea Mama Zawadi mwenyewe. Akanywa nusu, akamrudishia dada anywe iliyobaki, kisha akachukua tena akamalizia. Kwenye nguzo ya banda akapigilia msumari, akatundika uzi wa dada wenye mafundo saba.

"Mhudumu, si ulitukataza haya?" mtu wa bodaboda akamuuliza.

"Nimewakataza nyinyi. Mimi niko kazini."

"Kazi gani ya kula?"

"Njoo uone. Huyu mama amepungua kwa kutembea. Fundo hili ni la mwezi ule aliokwenda ziwani kwenye mvua. Hili ni la Kwaresima. Unaweza kuhesabu? Basi hesabu, halafu kunywa chai yako pale ulipoiacha."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku sita za wiki, maandazi matatu, kikombe kimoja cha watu wawili. Mwezi ukaisha, akaendelea, mpaka baridi ya katikati ya mwaka ikapita. Wateja walirudi mmoja mmoja, kama wanaopita tu. Lakini mwili wake ulikuwa unaongezeka, wote tuliuona, na kwa amri yake hakuna aliyeweza kusema. Magoti yakaanza kumsumbua. Alianza kutembea ubavuubavu, kama mtu aliyebeba kitu upande mmoja. Akina mama wa ndoo walipunguza mwendo ili awafikie.

Na mimi? Mimi niliagiza maandazi ya wapakiaji wote kila siku, ndoo nzima, nikidhani nimemaliza. Akaja kiwandani.

"Neno ulilitoa kwa mdomo," akaniambia. "Unalirudisha kwa ndoo?"

"Mama, mimi ni mtu ninayejulikana. Nikasimame barabarani niseme nini?"

"Siku ile ulisimama."

Ilinichukua siku nne. Nilikwenda asubuhi, benchi limejaa, Mhudumu yuko mahali pake na andazi la pili mkononi. Nikasema kwamba nilikosea, kwamba dada yangu ni mzima na nilisema jambo nisilolijua. Mhudumu akatafuna, akameza.

"Siku ile ulisikika mpaka duka la mbolea," akasema. "Leo mimi niko hapa na sijasikia vizuri."

Nikarudia. Nilipiga kelele kama naita mtu ng'ambo ya barabara, mpaka mwenye duka la mbolea alitoka nje akiuliza kuna nini. Watu walicheka sana, dada akafunika uso kwa khanga, na nikaona mabega yake yanatikisika. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Mhudumu akaweka andazi lile nusu kwenye sahani, akaisukuma mbali.

"Basi," akasema. "Sasa naweza kuacha."

Siku hizi banda la dada linauza viazi vitamu vya kuchemsha na mihogo, na maandazi ni Jumamosi tu. Kikundi kina ndoo nyingi kuliko wakati ule. Watu wa wilaya walikuja kujifunza na wakapiga picha za vifuniko vyangu. Lakini magoti ya Mhudumu hayakurudi, na uzito ule wa miezi ya maandazi ulichukua muda kutoka. Alipostaafu, kazi ya nyumba kwa nyumba ilichukuliwa na binti mmoja hodari mwenye kishikwambi, ambaye pia anabeba uzi.

Mwezi uliopita dada aliniambia hajamwona Mhudumu kwa wiki tatu. Anaitika mlango umefungwa, anasema anapumzika. Nikachukua dumu dogo la mafuta, maana kwa mtu mzima huendi mikono mitupu, nikaenda mchana.

Alifungua baada ya kusikia sauti yangu. Joto lilikuwa kali, bati linalia, naye alikuwa amevaa sweta, juu yake dera, juu ya dera khanga mbili, moja kiunoni na moja mabegani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mafuta tena? Weka hapo. Umeleta na kifuniko?"

Nikatoa kifuniko mfukoni. Akafurahi. Tukakaa chini ya nyuzi za watu. Nikaona kwamba sukari haikuwepo mezani, na pembeni ya kiti chake kulikuwa na jagi kubwa la maji, karibu tupu.

Sijui kwa nini nilisema nilichosema. Labda nilitaka tu kumpa kazi. Nikamwambia nimekuja kupimwa.

Akajiinua kitini. Halafu akanyoosha mkono kwenye msumari wa mwisho karibu na dirisha, akatoa uzi uliofungwa kipande cha gunia. Hauna fundo hata moja.

"Wako huu. Nimekaa nao tangu siku ile ya fremu. Nilisema mwenyewe atakuja."

Ile chaki: alikuwa ameweka alama usawa wa kichwa changu, pale nilipokuwa nimeegemea fremu. Nikasimama, akaukunja, akanizungusha. Mikono yake ilikuwa myepesi sana.

"Vidole sita," akasema. "Kitambi cha Dar hiki kweli hukukichezea. Kesho uje na jembe."

Nikaahidi. Kisha nikamuuliza, wa kwake uko wapi.

Akaangalia ukuta kama anayeutafuta. "Mimi nani angenipima?"

Nikachukua bunda la uzi lililokuwa mezani, lile lile la kiwandani kwangu. Akakataa, akasema amechoka, akasema joto. Nikasubiri. Mwisho akasimama. Akavua khanga ya mabegani, akavua ya kiunoni, kisha kwa shida akapitisha sweta kichwani, akabaki na dera peke yake.

Nikapima kisigino mpaka utosi. Nikakata kwa meno kama alivyofanya yeye. Nikakunja, nikamzungusha. Ncha zilikutana, zikapitana, zikaendelea kupitana. Ule uzi ulibaki mkononi mwangu zaidi ya kiganja kizima. Huyu ndiye aliyekuwa anajaza benchi.

Nikaelewa khanga na sweta, na mlango uliofungwa. Mtu aliyewafundisha Mandewa nzima kwamba kukonda siyo lazima kuwe ugonjwa, amekonda bila kutembea, na anajua mtaa utasema nini. Na wakisema juu yake, watasema juu ya kila mwenye ndoo.

Neno lile la zamani lilikuwa limefika tayari mdomoni. Nikalimeza. Nikainama karibu, nikamuuliza polepole, kama mtu anayeuliza kitu kanisani:

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwezi wa Ramadhani. Kiu haishi. Mguu hauna hisia."

"Umepima?"

"Nimewapima wengine."

"Twende hospitali. Nina gari nje."

Akakaa. Nikadhani atakataa tena. Akasema, "Leo umeongea taratibu." Halafu akaanza kutafuta raba zake.

Walimkuta na sukari, imepanda sana, na ameniruhusu kuliandika hilo. Anatumia dawa, na dada ndiye anayemkumbusha, kwa kwenda kunywa naye chai isiyo na sukari, kikombe kimoja. Lakini ninachotaka kukimalizia ni njia ya kwenda.

Aliketi kiti cha mbele, bila sweta, uzi wake mpya umezungushwa kidoleni. Kwenye kona ya zahanati tukakutana na akina mama wa kikundi wanatoka kwenye mkutano, ndoo mikononi. Walitusimamisha. Nikaona macho yao yanamshika, yanashuka mabegani, yanarudi usoni. Mmoja akafungua mdomo, akakumbuka amri, akaufunga. Mwingine akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana kwa kusema.

"Injinia, mnakwenda wapi na Mhudumu wetu?"

Mkono wa Mhudumu ulikuwa juu ya goti, umetulia kabisa, unasubiri.

"Kiwandani," nikasema, kwa sauti yangu yote. "Uzi umemwishia. Magunia yamekuwa mengi."

Wakacheka, wakatupisha. Tulipopita nyumba ya mwisho ya mtaa aliniwekea mkono begani, na hakuuondoa mpaka tulipofika.